Siku Tisini za Kuzeekea Kwao

Kila ninaposikia mtu wa kwetu aliyefanya kazi Ulaya au Marekani akiitwa mgeni, hukasirika, wala sioni haya kusema hivyo. Chukua mfano wa mama aliyezaliwa Tanga, akaenda Uingereza kusomea uuguzi, akabaki huko miaka 35, na akachukua uraia kwa kuwa kazi na watoto vilimlazimu. Sasa amestaafu, anataka kuzeekea kwao. Uwanja wa ndege anagongewa muhuri: siku 90.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inasema Mtanzania mtu mzima akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, wa kwetu unakoma. Tangu hapo yeye ni sawa na mtalii aliyekuja kuona simba. Hulipia viza, na siku zikiisha afunge mizigo, au aombe kibali cha ukaazi kama mgeni mwingine yeyote. Mzee wa miaka 70 anahesabu siku kwenye kalenda kama mfungwa. Tofauti ni kwamba mfungwa huhesabu akitamani kutoka.

Alipokuwa kazini tulimwita ndugu kila mwisho wa mwezi. Alituma ada za shule, dawa za bibi, mabati ya nyumba. Hakuna aliyeziuliza fedha zake uraia wake. Leo anakuja mwenyewe, na magoti yake mabovu, nasi tunamwuliza atakaa siku ngapi!

Wako wanaosema kiapo ni kiapo, na mshika mawili moja humponyoka. Hoja hiyo naiheshimu jeshini na Ikulu. Lakini bibi anayepalilia mihogo na kwenda kliniki kupima presha anatishia usalama gani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamwachia mzaliwa uraia wake hata akipata mwingine. Kenya haijavunjika kwa sababu hiyo.

Nitaambiwa kwamba mwaka 2025 Bunge letu lilirekebisha sheria za uhamiaji na ardhi, likaweka hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Ni hatua, na waliyoipigania wanastahili pongezi. Lakini hadhi huombwa, na kinachoombwa chaweza kunyimwa. Kuzaliwa hakuombwi. Tena, mwenye hadhi hiyo si raia: hatapiga kura hata pale kilipozikwa kitovu chake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huutumia msemo huu kumsuta mgeni mvivu. Mimi nauona ukarimu ndani yake: anayekaa apewe kazi, awe mmoja wa nyumba. Sisi tunamnyang'anya jembe mtoto wa nyumba na kumwonyesha mlango.

Ninachodai ni kifupi. Uraia wa kuzaliwa usikome kwa sababu mtu alikwenda kutafuta riziki. Anayetaka vyeo vikubwa vya nchi na achague upande mmoja. Anayetaka kivuli cha mwembe wa babu yake aachwe akae.

Akifia huko ng'ambo, tutachanga tumlete nyumbani, na kaburini hatutamhesabia siku. Basi na apokewe angali hai.