Mtoto Hasikii: Mkaidi au Mgonjwa?



Wazee wetu husema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Maneno haya ni ya kweli. Lakini wapo watoto wasiosikia la mkuu kwa sababu masikio yao yanaumwa. Watoto hao hawahitaji bakora. Wanahitaji matibabu.

Mama mmoja alimleta mwanawe kituoni kwetu kwa ajili ya kikohozi. Mtoto ana miaka 7. Mama akasema, "Tabibu, mtoto huyu mkaidi. Nikimwita haji. Skuli anapigwa, chuoni anapigwa." Nilisimama nyuma ya mtoto nikamwita kwa sauti ndogo. Hakugeuka. Nikatazama masikio yake. Yote mawili yalikuwa yanatoka usaha. Mama akasema usaha huo ulianza mwaka uliopita.

Sikio husikiaje? Fikirini ngoma. Sauti huingia katika tundu la sikio. Mwisho wa tundu pana ngozi nyembamba, imewambwa kama ngozi ya ngoma. Sauti ikiipiga, ngozi hutikisika.

Nyuma ya ngozi hiyo vimo vifupa vitatu vilivyoshikana. Cha kwanza huitwa nyundo, cha pili fuawe. Ni majina ya vyombo vya sonara na mhunzi. Cha tatu huitwa kikuku, kwa sababu kinafanana na kikuku anachotia mguu mpanda farasi. Hicho ndicho kifupa kidogo kuliko mifupa yote ya mwili. Urefu wake ni kama milimita 3 tu. Punje ya mchele ni ndefu zaidi.

Ngozi ikitikisika, nyundo hutikisa fuawe, na fuawe hutikisa kikuku. Kikuku husukuma maji yaliyomo katika sikio la ndani, lililojizungusha kama nyumba ya konokono. Kutoka hapo mshipa wa fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Ndipo mtu husikia.

Je, usaha hutoka wapi? Ipo njia nyembamba kutoka nyuma ya pua mpaka nyuma ya ile ngozi. Kwa mtoto njia hiyo ni fupi, tena imelala. Akipata mafua, vijidudu hupita humo. Usaha hujaa na ngozi hutoboka. Usaha ukikaa muda mrefu huweza kula vile vifupa. Huweza hata kufika kwenye ubongo na kuua.

Wazee wangu huniambia, "Mwanangu, hata sisi tulitoka usaha utotoni, ukakauka wenyewe." Nawaheshimu wazee wangu. Ni kweli, masikio mengine hukauka. Lakini kifupa kilicholiwa hakioti tena. Kwa hiyo mimi nasema kungoja ni hatari.

Tufanye hivi:

1. Tusitie sikioni mafuta ya moto, kijiti wala unyoya wa kuku.

2. Tusokote kitambaa safi cha pamba kama utambi. Tukitie sikioni taratibu. Kikiloa, tukitoe tuweke kingine, mpaka kitoke kikavu. Tufanye hivyo mara 3 kwa siku.

3. Mtoto asipige mbizi baharini mpaka apone.

4. Tumpeleke kituo cha afya mapema. Tukipewa dawa, tuzitumie mpaka ziishe. Tukipewa barua ya kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, twende. Najua nauli ya kwenda mjini ni mzigo. Uziwi wa mtoto ni mzigo mkubwa zaidi.

Mtoto yule bado tunamtibu. Sikio la kushoto limekauka, la kulia bado. Mwalimu wake sasa amemkalisha mbele, karibu na ubao, na hampigi tena.

Ndugu mzazi, ndugu mwalimu, kabla ya kushika bakora, simama nyuma ya mtoto. Mwite kwa sauti ndogo. Asipogeuka, mlete tumtazame masikio.