Tabibu akienda chuo kikuu asianzishwe upya

"Daktari, kichwa hakinipi nafasi." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kutoka kwa wagonjwa wa aina moja. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, ana familia, na macho yake ni mekundu. Ukimwuliza kazi yake, atakwambia ni muuguzi au tabibu. Ukimwuliza hulala saa ngapi, atacheka. Usiku yuko zamu, asubuhi yuko chuo kikuu, jioni yuko ndani ya matatu akirudi zamu.

Mgonjwa huyo namfahamu vyema kwa sababu niliwahi kuwa yeye.

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na alama nzuri, lakini hazikufikia zile za kuchukuliwa na serikali kusomea udaktari. Wazazi wangu hawakuwa na karo ya kunilipia. Nikajiunga na chuo cha mafunzo ya matibabu, nikasoma miaka mitatu ya stashahada, nikafanya mwaka mmoja wa uanagenzi na kusajiliwa kuwa tabibu. Nilihudumu miaka mitano katika kituo cha afya mashambani. Nilitibu malaria na nimonia za watoto, nikashona majeraha, nikasaidia akina mama kujifungua, na usiku wa manane nikaamua nani akimbizwe hospitali kubwa na nani angeweza kungoja kupambazuke.

Nilipopata nafasi chuo kikuu, nilibeba vyeti na matokeo yangu yote ndani ya bahasha. Afisa aliyetusajili hakuifungua. "Hapa kila mtu huanza mwaka wa kwanza," akasema.

Nikaanza. Ili nipate karo, nilifanya kazi usiku na wikendi katika kliniki moja mtaani. Jumapili wagonjwa waliniita daktari na nikawaandikia dawa. Jumatatu nilisimama nyuma ya vijana waliotoka shule juzi, tukifundishwa jinsi ya kushika mkono wa mgonjwa na kuhesabu mapigo ya moyo.

Siku moja tulikuwa tukifanya mazoezi ya kupimana shinikizo la damu. Kijana aliyenipima alipata 168 juu na 110 chini. Akapima tena, kisha akamwita mwalimu kumwambia mashine ilikuwa mbovu. Mimi nilijua mashine ilikuwa nzima. Kwa miezi mingi nilikuwa nikilala saa tatu au nne, nikinywa chai ya rangi badala ya chakula cha mchana na kuwaza karo ya muhula uliofuata. Nilipatikana na ugonjwa katika somo ambalo sikuhitaji kulisoma.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba tabibu anajua yote. Biokemia ilinishinda mara ya kwanza na nikarudia mtihani. Anatomia ya chuo kikuu ilikuwa bahari ikilinganishwa na kisima nilichotoka. Yapo mambo niliyoyafanya kwa mazoea kwa miaka mitano bila kujua kwa nini yanafanywa, na chuo kikuu kilinifungua macho. Masomo hayo nilistahili kuyasoma tangu mwanzo. Lakini huduma ya kwanza, namna ya kuzungumza na mgonjwa, kudunga sindano na kuandika historia ya ugonjwa, hayo nilikuwa nikiwafundisha wengine.

Hebu tuhesabu. Stashahada miaka mitatu, uanagenzi mmoja, udaktari miaka sita, na uanagenzi mwingine mmoja. Hiyo ni miaka 11, mbali na ile ya kutafuta karo. Wengi huchoka njiani. Anayepata hasara si yeye peke yake, kwani nchi nayo hukosa daktari ambaye tayari anakijua kituo cha afya cha mashambani na haogopi kufanya kazi huko.

Wauguzi wametutangulia. Muuguzi mwenye stashahada anaweza kujiunga na mpango maalumu wa shahada ulio mfupi kuliko ule wa kijana aliyetoka kidato cha nne, na sijasikia wagonjwa wakilalamika kwamba wauguzi hao ni hafifu. Huko Marekani, ambako Wakenya wengi huanzia vyuo vya jamii vya miaka miwili kwa sababu karo ni nafuu, jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2010. Mwanafunzi aliyehitimu chuo cha jamii kwa mpango uliowekwa, akipokewa na vyuo vikuu vya California State katika masomo yanayolingana, huingia mwaka wa tatu na halazimishwi kurudia masomo ya aina ile ile aliyokwisha kufaulu.

Kwetu pia sheria ipo. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya mfumo wa kitaifa wa kufuzu. Mfumo huo una ngazi 10. Stashahada iko ya sita na shahada ya saba. Nia mojawapo ni mtu aweze kupanda ngazi akiwa na mzigo wake wa masomo. Lakini ngazi ambayo kila anayetaka kuipanda hurudishwa chini si ngazi.

Wako madaktari wenzangu watakaosema kwamba maisha ya watu si ya kuchezewa. Nakubaliana nao. Ndiyo maana sipendekezi mtu apewe chochote bure. Atahiniwe. Akifaulu mtihani wa somo fulani, wa kuandika na wa vitendo, asirudishwe kulisoma. Akianguka, akae darasani na wenzake. Wahadhiri na baraza la madaktari wakae pamoja waamue masomo yapi yafunguliwe mlango huo, na uamuzi uwe mmoja kwa vyuo vyote, usitegemee afisa uliyemkuta dirishani.

Kabla hilo halijafanyika, wewe unayepanga kutoka chuo cha kati kwenda chuo kikuu zingatia mambo haya. Hakikisha kwamba kozi yenyewe inatambuliwa na baraza la taaluma yako, si chuo pekee. Ukiahidiwa kwamba baadhi ya masomo yako yatahesabiwa, dai barua inayoyataja moja baada ya jingine kabla hujalipa hata shilingi moja. Matokeo rasmi na maelezo ya kila somo ulilosoma yachukue mapema, kwa maana ofisi nyingi huyatoa polepole.

Na mwili wako usiusahau. Mtu mzima anahitaji usingizi wa angalau saa saba kwa siku. Aliyekesha saa 17 na zaidi huchelewa kutambua na kuamua mambo karibu kama mtu aliyekunywa pombe kidogo, naye ndiye anayepima dawa ya mtoto wa mwenzako. Mwombe msimamizi wako zamu zinazofuatana na ratiba ya masomo. Pima shinikizo la damu kila baada ya miezi michache, hata kama unajiona mzima. Usiishi kwa dawa za kuondoa maumivu, kwani nyingi kati yazo huumiza tumbo na figo na hupandisha shinikizo hilo hilo.

Mimi bado nameza kidonge changu kila asubuhi. Shahada niliipata na siijutii. Lakini mgonjwa mwenye macho mekundu anapoketi mbele yangu, humwandikia dawa nikijua kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa wake ingeponywa na ofisi ya usajili ambayo ingekubali kufungua bahasha yake.