Madoa ya Wino Kabla ya Kuhama Nyumba

Mpangaji atoapo habari kwamba atahama mwisho wa mwezi, jambo la kwanza analowaza ni gari la kuchukulia vyombo. Madoa ya wino hukumbukwa siku ya mwisho, vitanda vimekwisha kutolewa nje na mwenye nyumba amesimama mlangoni akitazama kuta. Hapo ndipo amana hupunguzwa. Yafaa basi mtu azikague kuta na sakafu zake majuma mawili mbele, wakati wa mchana.

Kwanza ajue ni wino gani. Wino wa biro una mafuta, wala hautoki upesi kwa maji na sabuni. Hulegezwa na spiriti ile ya kusafishia vidonda. Ajaribu kwanza nyuma ya mlango, kwa maana rangi nyingine za ukuta hutoka pamoja na wino. Kisha atie spiriti kidogo katika kitambaa cheupe, abonyeze doa pasipo kusugua, akianza ukingoni kuelekea katikati, na kila mara ageuze upande safi wa kitambaa. Akisugua kwa nguvu, mstari mmoja wa mtoto wa shule (ambaye kwake ukuta na daftari ni kitu kimoja) utakuwa wingu zima. Jiko na taa ya moto viwe mbali.

Wino wa chupa wa buluu-nyeusi, ule wa aina ya zamani, una chuma ndani yake. Watu wengi huukimbilia kwa jiki, na hapo huharibu kazi. Jiki huondoa ile buluu, lakini chuma hubaki na kuwa na rangi ya kutu, ambayo ni ngumu kutoka kuliko wino wenyewe. Katika nguo nyeupe, maji ya ndimu na chumvi husaidia. Lakini juu ya sakafu ya saruji ndimu na siki zisitumiwe kamwe, kwani ukali wake hula saruji na kuacha alama isiyofutika. Ikiwa sakafu imepakwa nta, mara nyingi doa limekaa juu ya nta tu; ikiondolewa nta kwa mafuta ya taa kidogo, doa nalo huondoka.

Rangi ya kanga iliyochuruzika, au hina iliyomwagika juu ya saruji tupu, hufifishwa na jiki iliyopunguzwa kwa maji. Lakini jiki isichanganywe na ndimu, siki wala dawa ya choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na katika chumba kidogo kilichofungwa yaweza kuua mtu. Madirisha yafunguliwe, na watoto wakae nje.

Kuna madoa yasiyotoka hata kidogo. Kuyapaka rangi ya maji juu yake ni kupoteza fedha, kwa kuwa wino hupenya na kuonekana tena baada ya siku chache. Kwanza doa lifunikwe kwa rangi ya mafuta, liachwe likauke vizuri, ndipo ipakwe rangi inayofanana na ukuta, mara mbili. Kazi hiyo haimaliziki kwa siku moja. Ikisha kauka, mwenye nyumba aitwe aone kabla gari halijafika, naye aandike kwa mkono wake kwamba amezikuta kuta ni safi.