Wazazi Tusikunje Gazeti Watoto Wanapoogopa

 

Ndugu Waislamu, leo tunapenda kuzungumzia riwaya za kutisha, ambazo baadhi ya vijana wetu huzisoma usiku wazazi wakiwa wamelala. Hatusemi kwa kusikia. Katika ujana wetu tuliisoma riwaya ya Kiingereza iitwayo It, ya Mmarekani Stephen King, iliyotoka mwaka 1986. Ina kurasa zaidi ya 1,100, nasi tuliisoma kwa mwezi mzima.

Kisa chake ni cha Derry, mji wa kubuni katika jimbo la Maine. Kila baada ya miaka 27 hivi huzuka humo kiumbe muovu aishiye katika mifereji ya maji machafu chini ya mji. Humjia mtoto kwa sura ya kile anachokiogopa zaidi, kwani woga ndio unaomnogeshea mawindo yake. Tulipofika mahali ambapo msichana Beverly anasikia sauti zikitoka katika tundu la sinki la bafuni, kisha damu ikafoka, tulikifunga kitabu. Hofu haikufungika. Kwa siku kadhaa tuliogopa kuingia bafuni kutawadha, Swala ya Alfajiri ikawa inatupita, na kwa aibu hatukumwambia mtu.

Hapo ndipo palipo na madhara. Muislamu anaamini kuwa majini na mashetani wapo, hivyo hawezi kumtuliza mwanawe kwa kumwambia kuwa hakuna kisichoonekana. Lakini katika Surat Aal Imran, aya ya 175, tunafundishwa kuwa shetani ndiye atiaye watu hofu, na kwamba muumini amwogope Mola wake. Woga unaomzuia mja kuswali umekwisha kuvuka mpaka.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tuseme kuwa riwaya ile ilitufunza jambo. Tulipoimaliza, waliotutisha zaidi hawakuwa mazimwi bali watu wazima wa Derry. Baba yake Beverly anaingia bafuni na haioni damu ile. Siku nyingine wavulana wanamwandama msichana huyo. Jirani aliyeketi barazani anatazama, anakunja gazeti lake na kuingia ndani. Walioiona damu ni watoto wenzake, nao wakaisafisha pamoja naye.

Enyi wazazi, je, sisi hatukunji gazeti? Mtoto akisema anaogopa kulala, tunamwambia anyamaze, mkubwa mzima. Wengine hukichoma kitabu na kudhani kazi imekwisha. Kweli, riwaya ile ina mambo machafu, wala hatuoni kuwa inamfaa mtoto. Lakini moto unaounguza karatasi hauitoi hofu iliyokwisha kuingia moyoni.

Tujue wanachokisoma watoto wetu, na tuwaulize kwa upole kinachowatisha. Mtume (S.A.W.) alipokwenda kulala alikuwa akisoma Suratul Ikhlas, Al-Falaq na An-Nas, akipuliza viganjani na kujipangusa mwili. Tukae kitandani na watoto tusome nao, tuongeze Ayatul Kursiy, na tuwafundishe dua ya kuingia chooni, ambayo ni kinga dhidi ya kile kile wanachokiogopa. Tusiwaagize tu; tufanye pamoja nao.

Sisi tulipona alfajiri moja, mama yetu alipotuona tumesimama ukumbini tukisitasita. Hakutucheka, wala hakutukemea. Alichukua taa, akasimama mlangoni mwa bafu akisoma kwa sauti ya chini mpaka tukamaliza kutawadha, kisha tukaswali nyuma yake. Hofu ile haikurudi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu, na atujaalie kuwa wazazi wanaoona. Amin.