Zima miR-21, mgonjwa kapona? Acheni hizo!

Najua wengi mko kwenye msuli, UE ziko mlangoni. Mie leo sina stori za bumu wala za foleni ya msosi. Leo nina hasira, vumilieni.

Kuna sentensi inazunguka kozini kwetu tangu Nobeli ya Tiba ya 2024 iende kwa Victor Ambros na Gary Ruvkun, wagunduzi wa maikro-RNA. Inasema hivi: "Uvimbe wa ubongo unaletwa na miR-21, zima miR-21, mgonjwa kapona." Watu wanaitamka kwenye semina kifua mbele, wanaibandika kwenye proposo, wengine wanaituma mpaka nyumbani kwao. Nasema wazi: sentensi hiyo ni uongo, tena uongo unaoumiza watu.

Kwa wasomaji wangu wa sheria na uhasibu, msikimbie, ni rahisi tu. Ndani ya seli, RNA mjumbe hubeba maelekezo ya kutengeneza protini. Maikro-RNA ni kipande kidogo mno, herufi kama 22 hivi, na chenyewe hakitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kushikana na RNA mjumbe inayolingana nayo na kuizuia isisomwe, au kuifanya ivunjwevunjwe. Ya kwanza ilielezwa mwaka 1993, kwenye mnyoo mdogo wa maabara. Wengi wakaona ni mambo ya minyoo tu, hadi mwaka 2000 ilipotangazwa let-7, ambayo hata sisi binadamu tunayo.

Haya, ubongoni. Glioblastoma ni uvimbe mkali sana unaoanzia kwenye ubongo wenyewe. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba miR-21 imejaa tele kwenye uvimbe huo, na walipoizuia katika seli zilizokuzwa maabara, seli zikaanza kujiua. Ni kazi nzuri, siibezi hata kidogo. Ubaya umeanza pale watu walipoacha kusoma hapohapo.

Kwanza, miR-21 haiko peke yake. Maikro-RNA moja inaweza kugusa RNA wajumbe mamia. Kwenye glioblastoma miR-21 na miR-10b zimepanda, huku miR-7, miR-34a na miR-124 zimeshuka. miR-7 kwa kawaida huibana EGFR, protini inayoiambia seli igawanyike. Ikipungua, EGFR inapata uhuru. miR-21 nayo huikandamiza PTEN, ambayo ni breki ya ukuaji. Mpaka hapo mtu anasema, "Si nilikwambia? Iondoe miR-21, breki irudi!" Ngoja kwanza. Katika glioblastoma nyingi jeni ya PTEN yenyewe imepotea au imeharibika. Breki iliyong'olewa haiwezi kurudi kwa kumwondoa aliyekuwa ameikalia. Maikro-RNA huchochea moto, sawa, lakini kuni ziko kwenye DNA iliyoharibika. Halafu miR-21 imepanda kwenye saratani nyingi tu, na inafanya kazi zake pia kwenye moyo na viungo vingine. Ukisema uizime mwilini mwote, una maana gani hasa?

Pili, sahani ya maabara si kichwa cha mtu. Ubongo una kizuizi kati yake na damu, na molekuli kubwa za namna hii hazipiti kirahisi. Na hata nje ya ubongo mambo si mepesi. MRX34 ilikuwa dawa ya kuiga miR-34a, ile ile inayopungua kwenye glioblastoma. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya ini na uvimbe mwingine. Jaribio likasimamishwa mwaka 2016 baada ya kinga za mwili za baadhi ya wagonjwa kuvurugika vibaya, na wanne wakafariki. Hadi leo hakuna dawa ya maikro-RNA iliyoidhinishwa kutibu uvimbe wa ubongo. Hakuna, wadau.

Tatu, na hili linanichoma zaidi: kudesa. Sisi tunadesa asaimenti, lakini kuna wanaodesa sayansi yenyewe. Mtafiti wa saratani wa Australia, Jennifer Byrne, aligundua makala zinazofanana kama mapacha: badilisha jina la jeni, badilisha aina ya saratani, kazi imeisha. Yeye na wenzake wakakagua makala zaidi ya 11,000 za utafiti wa jeni. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha makala 712 zenye mfuatano wa herufi za jeni uliotajwa kimakosa. Yaani mtu anadai amepima kitu hiki kumbe herufi alizoandika ni za kitu kingine, au si za kitu chochote. Makala za maikro-RNA na saratani zimo humo. Nasi tunazinukuu kumi kumi kwenye proposo bila kufungua zaidi ya muhtasari!

Mtasema nawakatisha watu tamaa. Hapana. Tamaa ya uongo ndiyo inayokatisha. Mgonjwa wa glioblastoma ana upasuaji, mionzi na temozolomidi. Katika jaribio kubwa la 2005, nusu ya waliopata mionzi pamoja na dawa hiyo waliishi zaidi ya miezi 14.6, kwa waliopata mionzi peke yake ilikuwa 12.1. Ni tofauti ya miezi miwili na nusu hivi. Ndogo? Kaulize familia yenye mgonjwa. Sasa baba wa mtu akiahirisha mionzi kwa sababu mtoto wake msomi kasema tiba ya jeni inakuja, miezi hiyo nani atamrudishia?

Kwa hiyo semina ijayo, mtu akisimama na miR yake, mie nitauliza matatu tu. Umeipima kwenye seli, kwenye panya au kwa mtu? Inalenga nini, na hicho inacholenga bado kipo kwenye uvimbe huo? Mfuatano wa herufi umeukagua mwenyewe? Akishindwa kujibu, akae chini akabukue.

Msimu mwema wa mitihani, na anayebisha aje na data. Niko hapa hapa.