Umeme wa Kupandisha na Kushusha
Ukijenga nyumba ya mawe kijijini Korbesa, lazima utatamani soketi zenye matundu ya USB, na sikulaumu: simu ndiyo M-Pesa, ndiyo bei ya mbuzi sokoni Merti, ndiyo sauti ya kijana aliye malishoni ng'ambo ya mto Ewaso Ng'iro. Lakini nakusihi, kwanza uliza umeme wako unatoka wapi. Soketi ile ya ukutani inataka volti 240, halafu kifaa kidogo ndani yake kinazishusha hadi 5. Mwenye sola ana betri ya volti 12. Akiwasha inveta, anapandisha umeme hadi 240 ili soketi iushushe tena, na kila hatua inakula sehemu ya jua alilolikusanya mchana kutwa. Iguse hiyo inveta usiku ikichaji simu moja tu: ina uvuguvugu, na uvuguvugu huo ndio chaji inayopotea. Afadhali tundu la USB la volti 12, kama yale ya kwenye magari, lifungwe ukutani kwa waya wa moja kwa moja, fyuzi ikae karibu na betri, chanya na hasi zisibadilishwe. Aliye na umeme wa 240 afunge zile za ukutani, ila kisanduku cha soketi kilicho ndani ya ukuta kiwe na kina cha kutosha; milimita 25 mara nyingi ni chache, na nyaya zikibanwa nyuma ya soketi huchubuka. Na fundi azime swichi kubwa kabla ya kushika bisibisi, hata akiwa na haraka ya kuwahi gari la Isiolo.