Vumbi la Kongwa tunalifuga wenyewe



Natoa maoni yangu juu ya vumbi linaloikumba miji ya Kongwa na Kibaigwa kila kiangazi. Wananchi wengi, na hata baadhi ya viongozi, husema kwamba vumbi hilo ndiyo hali ya hewa ya Dodoma, na kwamba dawa yake ni kusubiri mvua. Mimi sikubaliani na mawazo hayo.

Ni kweli nchi yetu hii ni kame. Tunao msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600. Baada ya hapo tunakaa kiasi cha miezi saba bila mvua ya maana. Mwezi Juni na Julai usiku huwa na baridi. Hewa ya baridi hulala chini, na moshi wa jikoni na wa mashamba yanayochomwa hubaki juu ya nyumba zetu mpaka jua lipande. Kuanzia Agosti hadi Oktoba pepo za mashariki na kusini-mashariki huzidi nguvu, na mchana chamchela huzunguka mashambani. Hayo yote ni kazi ya Mungu. Lakini upepo hauchukui udongo uliofunikwa. Huchukua ulioachwa uchi, na anayeuacha uchi ni binadamu.

Kongwa ilikwisha kuufundisha ulimwengu somo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha hapa mradi mkubwa wa karanga. Matrekta yaling'oa vichaka katika eneo kubwa kabla wenye mradi hawajaijua vizuri mvua ya hapa wala udongo wake. Jua lilipopiga, udongo ule wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, na karanga zikashindwa kustawi. Mwezi Januari 1951 mradi ulifutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea. Wakoloni wamekwenda zao, lakini leo sisi wenyewe tunaendelea kuivua nguo ardhi ile ile kwa jembe, kiberiti na kwato za ng'ombe.

Tuangalie jambo lenyewe linavyotendeka. Mahindi, mtama na alizeti vikishavunwa, mabua hubaki shambani. Mkulima huyachoma. Ukimwuliza sababu, atakujibu kwamba asipoyachoma ng'ombe wataingia na kuyamaliza, hivyo bora asafishe shamba mapema. Ukimwuliza mfugaji, atakujibu kwamba mabua ndiyo malisho ya kiangazi, na tangu enzi za babu zetu shamba likishavunwa ni la wote. Kila mmoja anayo hoja yake, na wote wawili wanapata hasara. Kufikia Agosti shamba ni jeupe, udongo umesagwa na kwato ukawa laini kama unga, na upepo unaanza kazi yake.

Kinachopeperuka ni ile tabaka ya juu yenye rutuba. Mkulima anayelalamika kwamba mavuno yake yanapungua, wakati huo huo anafagia mbolea yake ikiwa kitandani, juu ya meza na ndani ya mtungi wa maji.

Na si shamba tu linaloumia. Chembe ndogo kabisa za moshi na vumbi huingia ndani ya mapafu. Mwaka 1995 jarida la uganga la Lancet lilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa vijijini hapa Kongwa, ulioonyesha kwamba watoto waliopewa dawa na kuoshwa nyuso mara kwa mara walipungukiwa na trakoma kali. Trakoma huletwa na vijidudu vinavyosambazwa kwa mikono, vitambaa na nzi, si vumbi. Lakini mama anayetembea mwendo mrefu kutafuta ndoo moja ya maji, na mtoto wake anarudi na uso uliojaa vumbi mara tatu kwa siku, atamwosha mara ngapi?

Wako watakaosema njia pekee ni kuwaondoa ng'ombe. Mkoa wetu umekwisha kuijaribu njia hiyo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibiwa na mmomonyoko, lenye kilometa za mraba 1,256. Majani na miti vilirudi, na hilo hakuna anayeweza kulipinga. Lakini familia nyingi zilikosa maziwa, samadi na ng'ombe wa kulimia, na baadaye ikabidi watu waruhusiwe kufuga kwa kulisha zizini. Somo la Kondoa ni kwamba ardhi hupona ikipumzishwa, lakini mwananchi naye lazima ale wakati ardhi inapumzika.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, mikutano mikuu ya vijiji iamue mabua ni ya nani. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 inazipa halmashauri za vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sehemu ya mabua ibaki shambani kufunika udongo, na sehemu ikatwe iuzwe au ipewe mfugaji kwa makubaliano, naye alipe kwa samadi. Pili, njia ya kisiki hai, ambayo tayari inajulikana mkoani mwetu, ienezwe kila kijiji. Kuyatunza machipukizi ya visiki vilivyo hai shambani hakuhitaji bustani ya miche wala maji ya kumwagilia. Tatu, hewa ipimwe. Nchi yetu ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007, na miji ya wakulima inastahili kipimo sawa na miji mikubwa. Nne, lifanyike somo la taifa zima kwa njia ya redio, kama ile kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kutenda.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mengi yamesemwa juu ya kupanda miti mjini. Hilo ni jema. Lakini pepo za kiangazi hutoka upande wetu kwenda huko, na vumbi la shambani halijui mpaka wa wilaya wala geti la wizara. Miti ya mjini haitashinda ikiwa mashamba yanayouzunguka mji yanaachwa uchi miezi saba.

Mabua ya mavuno yajayo yasitukute bado tunabishana. Wenyeviti wa vijiji waiweke ajenda hii katika mikutano yao kabla kiberiti cha kwanza hakijawashwa.

Mkulima,
Kongwa, Dodoma.